Dawa ya puani haiishii puani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo nimelitazama kwa miaka 19 nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Arusha, yaani namna tunavyoitumia vibaya pua kama njia ya kuingizia dawa mwilini, na namna tunavyoisahau pale ambapo ingetufaa zaidi. Wapo watakaosema kwamba pua ni jambo dogo mno la kuandikia gazeti. Nami ningesema hivyo, kama si watu wawili waliofika dukani kwangu ndani ya wiki moja ya mwezi Julai, wakati baridi ya kwetu imechanganyika na vumbi na kila unayekutana naye njiani anapiga chafya.

Wa kwanza alikuwa kijana, fundi wa magari wa mtaa wa Unga Limited, aliyekuja kununua kichupa cha matone ya kuzibua pua. Kilikuwa cha nne katika mwezi ule. Nilipomuuliza kama kuna wagonjwa wengine nyumbani kwake, alicheka akasema vyote ni vya kwake, na kwamba bila matone yale hapati usingizi. Nilipomwambia kwamba ni dawa yenyewe inayomziba, alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba maji ndiyo yanayomtia kiu.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa Moshono, mwenye binti wa miaka 13 anayeugua kifafa. Binti alianguka darasani, akatikisika kwa muda ambao mwalimu aliukadiria kuwa robo saa. Dawa ya dharura ilikuwamo kwenye mkoba wake wa shule, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu mama alikwishafundishwa kliniki kwamba diazepamu ya mwanawe hutiwa kwa njia ya haja kubwa. Mwalimu wa zamu alikuwa mwanamume. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60. Mwalimu akafanya alichoweza: akamlaza binti ubavu, akawatoa wenzake nje, akatafuta gari. Simlaumu, na mama yule hakumlaumu. Aliniuliza tu: “Hakuna dawa nyingine isiyotaka mtoto avuliwe nguo mbele ya watu?”

Ipo. Nimeona si haki kumjibu yeye peke yake pale kaunta, ilhali wenye swali kama lake ni wengi, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na jinsi pua inavyofanya kazi, maana makosa yote mawili, la fundi na la sisi watoa huduma, yanatokana na kudhani kwamba kinachotiwa puani huishia puani. Mzee wa Kimasai anayenunua ugoro wake soko la Kilombero hana haja ya kufundishwa na mfamasia kwamba si kweli. Anavuta chembe kidogo, na kabla hajamaliza salamu ameshausikia ugoro kichwani. Nikotini ya tumbaku ile imepenya kwenye utando wa pua, ikaingia kwenye damu. Utando huo, ukiutandaza, una eneo la sentimita za mraba zipatazo 150, kama ukubwa wa picha moja ya albamu, na chini yake kumejaa mishipa midogo ya damu iliyosongamana. Kila upande wa pua una mikunjo mitatu inayoongeza eneo hilo na kuipasha joto hewa tunayovuta.

Faida kubwa ya njia hii ni ini. Kidonge kikimezwa, dawa yake hunyonywa utumboni na kupelekwa kwanza kwenye ini, ambalo huivunja kabla haijafika kwenye mzunguko mkuu wa damu, na kwa baadhi ya dawa kinachosalia ni sehemu ndogo tu. Dawa inayopenya kwenye utando wa pua haipitii huko kwanza. Inaingia moja kwa moja kwenye damu ya mwili, kwa dakika chache, bila sindano, bila kumeza, na bila kumtaka mgonjwa awe na fahamu.

Lakini pua nayo ni mlango mwembamba. Tundu moja halibebi zaidi ya mililita moja, na kwa hakika theluthi yake ndiyo kiasi kinachokaa vizuri, kwani kinachozidi hutiririka kooni kikamezwa, na hapo tumerudi kule kule kwenye ini. Tena ute wa pua hautulii. Vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma kuelekea kooni, na ndani ya dakika 15 hadi 20 uliokuwapo umekwisha kuondoka na mwingine kuchukua nafasi yake, kwa hiyo dawa ambayo haijapenya ndani ya muda huo haitapenya tena. Mwisho, dawa ambazo chembe zake, yaani molekuli, ni kubwa hazipiti kirahisi. Ndiyo sababu wagonjwa wa kisukari bado wanajichoma insulini: chembe yake ni kubwa mno kwa utando huu, isipokuwa isaidiwe na kemikali nyingine, ambazo huweza kuukera utando wenyewe. Dawa ya puani, basi, sharti iwe kali katika ujazo mdogo. Anayetarajia siku moja kutiwa antibaiotiki ya miligramu 500 puani asubiri sana. (Na mvuke wa majani ya mkaratusi, ambao bado watu huniulizia tangu miaka ile ya nyungu, unalainisha kamasi na kumpa mtu nafuu ya muda, si zaidi. Sufuria la maji ya moto chini ya blanketi pamoja na mtoto mdogo ni ajali inayosubiri kutokea.)

Sasa nirudi kwa fundi. Matone aliyokuwa akitumia yana oksimetazolini, ndugu wa zailometazolini, nazo hufanya kazi kwa kuibana mishipa ya damu ya puani ili utando uliovimba usinyae. Kazi hiyo zinaifanya vizuri sana kwa siku tatu, pengine tano. Zikizidi hapo, kila dawa inapoisha nguvu mishipa hulegea kuliko ilivyokuwa mwanzo, utando unavimba upya, mtu anaongeza matone, na mzunguko unaendelea mpaka anasahau kwamba alianza na mafua ya kawaida. Tiba yake ni kuacha, na kuacha huko kuna wiki moja au zaidi za tabu, ambazo daktari anaweza kuzipunguza kwa dawa ya kupuliza ya aina ya steroidi, yaani ya kupunguza uvimbe. Kwa mtoto mchanga jambo ni zito zaidi. Matone hayo hayo, kwa sababu yanaingia kwenye damu, yanaweza kumsinzisha, kumpunguzia joto la mwili, kupunguza mapigo ya moyo na hata pumzi. Mama anayetaka kumzibua mtoto wa miezi miwili aombe matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kichupa cha baba yake kilichopo kabatini.

Wenye mzio wa vumbi na chavua, ambao mjini kwetu na huko Moshi hawahesabiki, ndio wanaostahili hizo steroidi za kupuliza. Nao huniletea malalamiko ya aina nyingine: wamepuliza siku mbili, hawajaona kitu, wameacha. Dawa hizi haziko haraka kama matone, zinahitaji siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, ndipo nguvu yake ionekane. Wengine wanatokwa damu, na nikiwaomba wanionyeshe wanavyopuliza, karibu wote hurudisha kichwa nyuma na kuelekeza mdomo wa kichupa kwenye ukuta wa kati wa pua. Ukuta huo, hasa sehemu yake ya mbele, ndipo mishipa inapokutana juu juu na kupasuka kwa urahisi. Inamisha kichwa kidogo mbele, shika kichupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza kwenye sikio la upande huo huo, puliza huku ukivuta pumzi polepole, kisha usipenge. Ukivuta kwa nguvu, kama wafanyavyo wengi, dawa unaipeleka tumboni. Haya ni maelezo ya nusu dakika, na nakiri kwamba sisi wauzaji tumekuwa wavivu kuyatoa.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo mbele ya swali la mama wa Moshono.

Mtoto akitikisika zaidi ya dakika tano, iwe ni kifafa au degedege la homa, uwezekano wa mtikisiko kukoma wenyewe unapungua, na kila dakika inayoongezeka inaufanya mtikisiko uwe mgumu zaidi kuzuilika. Katika muda huo kinywa kimebanwa na kimejaa povu, kwa hiyo dawa ya kumeza haina njia. Mshipa wa mtoto anayerusha mikono ni mgumu kuupata hata kwa muuguzi mzoefu mwenye taa nzuri. Sindano ya msulini ina tatizo jingine, nalo si la kitabibu: wapo wazazi wanaoamini mpaka leo kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, na imani hiyo imewafanya wengi waanzie kwa mganga na kumalizia hospitali. Njia ya haja kubwa inafanya kazi, imeokoa watoto wengi, na sitaki mtu yeyote aliyefundishwa kuitumia aiache kwa sababu ya barua hii. Lakini kwa binti aliyevunja ungo, darasani, sokoni au ndani ya daladala, ni njia ambayo watu wenye adabu zao wanashindwa kuitumia, na kushindwa huko kuna gharama.

Hapa ndipo pua inapoingia. Midazolamu, dawa ya ukoo mmoja na diazepamu, hupenya kwenye utando wa pua haraka. Mwaka 2000 madaktari wa Israeli walilinganisha midazolamu ya puani na diazepamu ya mshipani kwa watoto wenye degedege la homa lililodumu dakika 10 au zaidi. Ukihesabu tangu dawa ilipotiwa, ile ya mshipani iliwahi kidogo: wastani wa dakika 2.5 dhidi ya 3.1. Lakini ukihesabu tangu mtoto alipoingia mlangoni, ile ya puani ilitangulia, dakika 6.1 dhidi ya 8.0, kwa sababu hakuna aliyepoteza muda kutafuta mshipa. Nafikiri mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya kitanda cha mtoto wa namna hiyo ataelewa uzito wa dakika hizo mbili.

Atakayesema kwamba hayo ni ya nchi zenye fedha atazame kwa jirani zetu wa Malawi. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, watoto 160 waliokuwa wakitikisika waligawanywa kwa kura: nusu wakatiwa puani lorazepamu, nayo ya ukoo wa diazepamu, nusu wakachomwa msulini paraldehidi, dawa ya zamani ya degedege. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Kwa watoto 60 kati ya 80 wa lorazepamu, mtikisiko ulikoma ndani ya dakika 10, dhidi ya 49 kati ya 80 wa sindano. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, hawakusema kwamba tofauti hiyo pekee inathibitisha ubora, ila waliona pia kwamba watoto wa dawa ya puani walihitaji mara chache kuongezewa dawa nyingine. Wodi ile haikuwa na anasa yoyote. Ilifanana na wodi zetu.

Naomba nieleweke kuhusu vipimo, maana hapa ndipo penye mtego. Kipimo cha midazolamu ya puani kinachotumika sana ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi miligramu 10. Mtoto wa kilo 15 atahitaji miligramu 3. Kama kichupa kina miligramu 5 katika kila mililita, hiyo ni mililita 0.6, yaani 0.3 kila tundu, kiasi ambacho pua inakibeba bila shida. Lakini ipo midazolamu ya miligramu 1 kwa mililita, yenye jina lile lile kwenye karatasi, na kwa kichupa hicho mtoto yule yule angehitaji mililita 3, ambazo zingemjaa kooni bila kumsaidia. Binti wa kilo 40 anahitaji miligramu 8, sawa na mililita 0.8 kila tundu hata kwa kichupa kikali, na hapo tunakaribia ukomo wa pua. Ndiyo maana nchini Marekani vimetengenezwa vichupa maalumu vya kupuliza, vyenye dawa nyingi katika tone dogo, vya midazolamu mwaka 2019 na vya diazepamu mwaka 2020. Bei yake si ya mtu wa kawaida wa huku. Badala yake kipo kifaa kidogo cha plastiki kinachochomekwa mwisho wa bomba la sindano la kawaida, kikageuza dawa kuwa ukungu. Ukungu huo unatandaa kwenye utando kuliko matone, na kwa kuwa chembe zake ni kubwa kuliko mikroni 10, unatua puani bila kuendelea hadi mapafuni.

Siandiki hesabu hizi ili mzazi akazijaribu nyumbani. Dawa hizi zinaweza kupunguza pumzi, hasa zikirudiwa, na ziko chini ya udhibiti wa sheria kwa sababu zinazoeleweka. Naziandika ili waganga wafawidhi, waratibu wa chanjo na mama na mtoto, na wajumbe wa kamati za afya waone kwamba jambo linalozungumzwa ni la kichupa na kipande cha plastiki. Katika hospitali nyingi midazolamu ipo tayari, imefungiwa kabati la chumba cha upasuaji. Katika zahanati nilizopita mimi sijaiona, wala sijamwona muuguzi aliyefundishwa kuitia puani.

Yapo mengine yanayopita njia hii ambayo siku moja tutayahitaji. Naloksoni ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, glukagoni ya mgonjwa wa kisukari aliyeshuka sukari hadi kupoteza fahamu, na tangu mwaka 2024 adrenalini ya mzio mkali, zote zimeidhinishwa Marekani kwa kupulizwa puani. Ketamini ya puani kwa watoto wenye maumivu makali ya selimundu imefanyiwa utafiti hapa hapa Tanzania. Sitazifafanua. Nitaje moja tu kama tahadhari: majira ya baridi ya mwaka 2000 kuelekea 2001, Uswisi ilitumia chanjo ya mafua ya kupuliza puani iliyochanganywa na sumu ya bakteria ili kuamsha kinga, na baadaye ikaonekana kwamba waliopata chanjo ile walipatwa zaidi na kupooza upande mmoja wa uso kuliko wengine. Ikaondolewa. Chanjo nyingine ya puani, isiyo na sumu hiyo, imetumika Marekani tangu mwaka 2003. Pua iko jirani na neva kuliko tunavyofikiri, na kwenye dari lake neva za kunusa hupenya mfupa mwembamba kuingia kwenye ubongo. Jirani huyo ndiye anayewavutia watafiti, na ndiye anayewavutia pia wanaouza mitandaoni vichupa vya kuongeza kumbukumbu na akili darasani. Kwa binadamu ushahidi wa njia hiyo ya mkato bado ni mwembamba, na kichupa kisicho na usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hakistahili kuingia puani mwa mtoto wa mtu.

Kwa hiyo ombi langu, kupitia gazeti lako, ni kwa Wizara ya Afya na kwa ofisi za waganga wakuu wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Hatuanzi gizani. Katika wilaya ya Hai watafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuhesabu wenye kifafa, na wengi waliowakuta hawakuwa kwenye matibabu. Moshi kuna hospitali ya KCMC, inayofundisha madaktari na wauguzi wa kanda nzima. Wilaya moja tu ingetosha kuanza: zahanati zake zipewe midazolamu ya kipimo kimoja, kile kikali, ili mtego wa vichupa viwili usiwepo, pamoja na vifaa vya ukungu na jedwali la uzito lililobandikwa ukutani, na wauguzi wake wafundishwe, na kumbukumbu zitunzwe za kila mtoto aliyetibiwa, zikiwamo za waliopungukiwa pumzi. Walimu wafuate baadaye, wakati tumeona matokeo. Hapa najua baadhi ya wenzangu wa taaluma hawatakubaliana nami, kwani wanahofia dawa kutoweka mikononi mwa wasiohusika. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini diazepamu nayo ni dawa ya kudhibitiwa, na tayari inatembea kwenye mkoba wa shule wa binti wa Moshono.

Nimalizie na jambo linalonifikirisha kila ninapofunga duka. Mtu akianguka kifafa mtaani, wa kwanza kufika humnusisha kitunguu, mwingine njiti ya kiberiti, mwingine moshi. Tumewacheka sana watu hao. Kumbe mlango walikuwa wameupata, wakakosa cha kupitisha.

Mama yule huja kila mwisho wa mwezi kuchukua karbamazepini, dawa ya kifafa ya mwanawe. Jumamosi iliyopita aliniuliza tena kuhusu ile dawa ya puani. Nilimwambia bado, ila nimeandika barua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfamasia,
Kijenge, Arusha